Usiondoke Kabla ya Jibu

Rodna na mumewe Blagoja hushona mifarishi, mablanketi mazito yaliyojazwa pamba. Duka lao liko karibu na kliniki. Asubuhi hula mkate na jibini, kisha hushona mpaka jioni.

Jumanne moja ya Januari, Blagoja alimpeleka mama yake, Bibi Vaska, kliniki. Bibi alikuwa anaumwa nyonga. Alitembea kwa shida. Mwaka huo baraza la mji lilikuwa limeondoa wakatisha tiketi za maegesho. Sasa watu walilipa kwa simu tu. Blagoja alitoa simu yake ya kitochi, akaandika namba ya gari, akatuma meseji. Denari thelathini zikakatwa.

Walipotoka, chuma cha manjano kilikuwa kimebana gurudumu la gari lao.

"Nimelipa!" Blagoja akapiga kelele.

"Mashine inasema hujalipa," akajibu mfanyakazi wa kampuni ya maegesho.

"Mashine! Wewe macho huna? Tazama, pesa imekatwa!"

"Mzee, mimi nafunga tu. Faini ni denari elfu moja na mia mbili. Kalipe ofisini."

Ofisi ilikuwa ng'ambo ya mji. Blagoja alikwenda kwa miguu kwenye theluji. Bibi Vaska, aliyeshindwa kutembea kwenye theluji hata mpaka dukani, alibaki garini kwa saa mbili, akitetemeka kwa baridi. Usiku ule alipata homa.

"Huu ni wizi wa mchana kweupe!" Rodna alifoka. "Naenda kuwavunjia vioo!"

Jirani yao Menka alimshika mkono. Menka alikuwa mkatisha tiketi katika mtaa ule kwa miaka kumi na tisa, mpaka simu zilipochukua kazi yake.

"Tulia, dada. Shemeji, nionyeshe meseji." Akaisoma. "Umeandika kwa herufi za lugha yetu, si za Kilatini. Namba ya gari ina herufi za Kilatini. Kwa macho zinafanana. Kwa mashine ni vitu viwili. Haikulitambua gari lako."

"Lakini pesa imechukua!" Blagoja akasema.

"Imechukua. Ukilipa sawasawa, meseji ya jibu inarudi. Isiporudi, usiondoke. Andika upya."

"Mbona hawakuandika hayo kwenye kibao?" Rodna akauliza.

Menka akacheka kwa uchungu. "Kampuni inalipwa kwa kila gurudumu inalofunga. Ukikosea, inapata. Ikuandikie kibao ya nini?"

"Basi warudishe tiketi za karatasi!"

"Tiketi zangu? Nusu ya sarafu hazikufika barazani. Wakubwa wangu walizila, nami nilinyamaza. Na nyinyi je? Siku zile gari lenu lilikaa mbele ya duka kutwa nzima, bure. Wateja wenu walizunguka wakitafuta nafasi, wakachoka, wakaenda kwingine. Simu inahesabu kila denari, na watu hawang'ang'anii nafasi. Ubaya hauko kwenye simu, dada. Uko kwenye mkataba wa baraza na kampuni."

Hasira haikumtoka Rodna, ila sasa alijua pa kuipeleka.

Menka alimwambia Blagoja asifute meseji ile. Wakaandika malalamiko, wakaambatisha risiti ya faini. Rodna akapita duka kwa duka. Alipata watu sitini na watatu waliofungiwa magari kwa kosa lile lile. Wote wakaenda kwenye kikao cha baraza.

"Teknolojia ni mpya," diwani mmoja alisema. "Wananchi wajifunze."

Rodna akasimama. "Sisi tumejifunza! Tumejifunza kwamba kampuni inashiba kwa makosa yetu, na nyinyi ndio mliotia sahihi! Mama mkwe wangu ana miaka themanini na moja. Ameugua kwa sababu ya herufi! Nani kati yenu atakwenda kumwambia ajifunze?"

Ukumbi ukalipuka kwa makelele.

Mwezi uliofuata mkataba ulibadilishwa. Sasa kampuni inalipwa kiasi kile kile kila mwezi, ifunge magari au isifunge. Mashine inapokea herufi zote. Vibao vinasema wazi: subiri jibu. Asiye na simu hulipia kwenye kibanda cha magazeti. Blagoja na wale sitini na watatu walirudishiwa faini zao. Na kwa kuwa magari hayakai kutwa, wanunuzi wa mifarishi wanapata pa kusimama.

Baraza liliahidi pia kubandika ubaoni kila mwezi mapato ya maegesho na jinsi yalivyotumika. Miezi miwili lilibandika. Mwezi wa tatu ubao ulikuwa mtupu. Saa mbili asubuhi Rodna alikuwa mlangoni mwa baraza, mikono kiunoni.

Saa nne karatasi ilikuwa ubaoni.