Nta Nyekundu Kwenye Mashine ya Kukaushia

Kila Jumamosi asubuhi, mama yake Ylva alipokuwa kazini hospitalini, kufua ilikuwa kazi ya Ylva. Alibeba kapu la nguo hadi chumba cha kufulia kilichokuwa chini ya jengo lao mjini Norrköping, nchini Uswidi. Familia zote za jengo hilo zilitumia chumba hicho kwa zamu.

Siku hiyo rafiki yake Tindra alimsindikiza. Walipiga soga na kucheka mpaka mashine ya kukaushia ikanyamaza. Ylva alipofungua mlango wake, alishika mdomo. Pipa lote la ndani lilikuwa na michirizi myekundu inayonata, na mashuka yao yalikuwa na madoa kila mahali.

"Kalamu za nta za Elof!" alisema. Mdogo wake alikuwa ameziacha mfukoni mwa suruali. Mama alimwambia kila mara akague mifuko kwanza, lakini leo soga zilimsahaulisha.

"Kusanya nguo zako twende," Tindra alinong'ona. "Nani atajua?"

"Zamu inayofuata ni ya Bibi Gunvor. Anafua kanzu nyeupe za kwaya ya shule. Kesho wanaimba kwenye sikukuu ya Mtakatifu Lusia, Tindra!"

"Basi sema ni Elof."

"Elof ana miaka minne. Aliyewasha mashine ni mimi."

Bibi Gunvor aliogopwa jengo zima. Aliwahi kumfokea baba mzima kwa kuacha vumbi la nguo kwenye kichujio cha mashine. Hata hivyo, Ylva alipanda ngazi akabisha mlangoni kwake.

"Bibi, nimeichafua mashine ya kukaushia. Sikukagua mifuko, nta imeyeyuka ndani. Tafadhali usiweke kanzu kwanza. Nitaisafisha, ila sijui nianzie wapi."

Bibi Gunvor aliufungua mlango wote. Kisha akavaa viatu vyake. "Twende tukaione."

Walimkuta Tindra kule chini ameshika chupa ya spiriti aliyoipata kwenye rafu. "Hii itaing'oa haraka," alisema.

"Iweke chini, mjukuu wangu!" Bibi Gunvor alisema. "Hii mashine hutoa joto. Unataka ituwakie moto?"

Aliiwasha mashine ikiwa tupu kwa dakika chache ili nta ilainike, kisha akachomoa waya ukutani. Akampa Ylva mwiko wa plastiki. "Kwangua taratibu, usilikwaruze pipa."

Ylva aliingiza kichwa na mabega ndani. Alikwangua, akafuta kwa kitambaa cha maji ya moto na sabuni, akakwangua tena. Shingo ilimuuma, jasho likamtiririka. Tindra alisimama kando akiona haya, halafu akakunja mikono ya sweta.

"Nipe kitambaa kingine," alisema. "Wewe juu, mimi chini."

Pipa lilipong'aa, walilikausha, na Bibi Gunvor akarudisha waya. Kwanza waliijaribu kwa kukausha matambara meupe yaliyolowa. Yalitoka na alama hafifu za rangi ya waridi.

"Bado," Ylva alisema kabla Bibi hajafungua mdomo, akachukua tena mwiko. Nta kidogo ilikuwa imejificha pembeni mwa mlango.

Mara ya pili matambara yalitoka meupe kabisa. Alasiri hiyo kanzu za kwaya zilikaushwa, na hakuna hata moja iliyopata doa. Mashuka ya nyumbani hayakuwa na bahati hiyo. Jioni hiyo Ylva mwenyewe angemweleza mama yake.

Kabla hawajaachana ngazini, Bibi Gunvor alimshika Ylva begani.

"Kusahau mifuko ni kosa, na kila mtu hukosea. Lakini ungeondoka kimyakimya, kesho watoto ishirini wangekosa kanzu. Wewe umekuja kuniambia ingawa uliniogopa, kisha ukainama ukafanya kazi. Wako watu wazima humu ndani ambao hawajaweza hilo. Endelea hivyohivyo, mwanangu."

Kisha akamgeukia Tindra. "Na wewe pia, umekunja mikono ya sweta ukasaidia."