Kabati la Mwosha

Ijumaa ile Moeneeb alirudi kutoka msikitini akamkuta Roti amenyooka. Chatu huyo alipewa jina la chapati kwa sababu muda wote hujiviringa kama donge linalosubiri kusukumwa. Sasa alikuwa kanyooka kutoka kona hadi kona, kichwa upande wa kibla, na sanduku lake lilinuka kafuri.

"Huyo mnyama wako kalala kama anayengoja kuswaliwa," mkewe Nazli alisema kutoka jikoni, bila kusogea.

"Ameshiba tu."

"Ameshiba nini? Wiki ya tatu sasa hajala. Panya wako wamejaa kwenye friza langu, kando ya sambusa!"

Sanduku lile lilikuwa fahari ya Moeneeb. Hapa kwetu Athlone mfuga nyoka wa kweli hanunui makazi ya dukani; anageuza kabati la televisheni au meza ya kioo iliyotupwa. Moeneeb alililaza kabati la nguo ubavu, akatoboa matundu ya hewa, akang'oa milango na kuweka vioo vya kuteleza, akaziba nyufa kwa silikoni, akalipaka vanishi na kufunga balbu ya joto. Wafuga nyoka wenzake walikuja kulipiga picha. Hakuna aliyeuliza lilikuwa la nani, naye hakusema, maana lilikuwa la mama yake, na mama yake alikuwa hai, amelala chumba cha nyuma, nusu ya mwili imepooza.

Mama Galiema alikuwa mwosha maiti. Kwa miaka arobaini wanawake wa mtaa huu walipita mikononi mwake. Ndani ya kabati hilo aliweka kafuri, na chini kabisa sanda yake mwenyewe, aliyoinunua Makka akailowesha maji ya Zamzam.

"Nimelipeleka kwa fundi, Mama, mguu umelegea," Moeneeb alimdanganya.

Na sanda? Hapo ndipo penye aibu yenyewe. Aliiona, akaijua. Lakini vitambaa vya kufutia vanishi vilikuwa vimemwishia na duka limefungwa, basi akaichana. Alijiambia atanunua nyingine.

Ijumaa iliyofuata chatu alijivua gamba. Kwa kawaida gamba la nyoka huwa kavu, lenye mistari. Hili lilikuwa jeupe na laini, na katikati lilikuwa na doa la kahawia lenye vidole vitano. Moeneeb aliweka kiganja chake juu ya doa, kikaenea barabara. Alilichoma uani haraka. Ijumaa ya pili likaja jingine, na ya tatu jingine, kila moja na doa lake, kila moja na harufu ya vanishi mbichi na kafuri, naye kila mara akilikunja chini ya koti na kutoka nalo mchana kweupe akiwaamkia majirani kama mwizi anayesalimia askari, hadi Ijumaa ya nne alipogeuka na kumkuta Nazli nyuma yake, ameshika upande wa pili wa gamba.

"Gamba gani lina nyuzi?" Nazli alinong'ona. "Hii nguo, Moeneeb. Umefanya nini?"

Alimwambia, macho sakafuni.

"Astaghfirullah. Nenda kamwambie mwenyewe."

"Ataniona mtu gani? Itamuua."

"Kufa atakufa tu. Lakini radhi utaipata wapi akishafukiwa?"

Alikwenda. Alipiga magoti kando ya kitanda akasema yote, na aibu ilimchoma masikio.

"Vanishi niliinusa siku ile ile," Mama Galiema alisema, ulimi mzito. "Mimi nimepooza mguu, sijapooza pua."

"Nisamehe, Mama."

"Sikiliza. Mwaka mmoja wa mvua kubwa alinijia mwanamke nisiyemjua, akaniomba nimwoshee mtoto. Nilipofunua shuka, hakuwa mtoto wa binadamu. Nikamwosha vilevile, maiti ni maiti. Mama yake akaniambia, 'Sanda yako nitailinda mimi.' Ndiye huyo umemfungia na nyoka." Alivuta pumzi. "Radhi nitakupa. Lakini useme kwa mdomo wako, mbele ya waosha wenzangu, kabla sijavikwa sanda."

"Nitasema."

Jumanne asubuhi alifariki. Moeneeb akanunua kitambaa kipya cha sanda, kizuri kuliko vyote, akajiliwaza kwamba kitambaa kitamsemea. Bibi Rugaya, mwosha mkubwa baada ya mama yake, alifika na wenzake wawili.

"Kuna neno, mwanangu?" aliuliza mlangoni.

Sebule ilijaa watu, na wenzake wa nyoka walikuwemo. Moeneeb alifungua kinywa.

"Hapana, Bibi. Maji yakipungua niite."

Mlango wa chumba cha nyuma ulifungwa, lakini haukukaa ukafunguliwa tena. Waosha wote watatu walitoka, na Bibi Rugaya alikuwa ameshika kitambaa kipya. Kilikuwa na doa la kahawia lenye vidole vitano.

"Nimekifungua mwenyewe kwenye karatasi yake," alisema. "Mkono huu wa nani?"

"Wangu."

"Sema kwa sauti."

Basi akasema, mbele ya jamaa na majirani na wale waliolipiga picha sanduku: nilichana sanda ya mama yangu akiwa hai, nikafutia vanishi, nikamfugia nyoka kabatini mwake, nikamdanganya. Alilia kwa aibu, na hakuna aliyemshika bega.

Katika ukimya ule wakasikia maji yakimiminwa chumbani, kopo baada ya kopo, taratibu, kwa mkono uliozoea.

"Nani kabaki ndani?" Moeneeb aliuliza.

Bibi Rugaya aliwatazama wenzake wawili waliosimama kando yake. Kisha akaushika mlango, akauvuta ukafungwa vizuri.

"Mwosha huoshwa," alinong'ona. "Ngojeni amalize."