Chai ya Mama Kijacho

Asubuhi, ukipita nyuma ya duka la mikate, ungesikia vitu viwili: ngumi zikipiga unga, na vicheko. Ngumi zilikuwa za mwoka mikate. Mtaa mzima ulimwita Tanuri, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila jasho usoni. Vicheko vilikuwa vya mkewe. Tumbo lake lilikuwa kubwa sasa, linamtangulia kwenye kila mlango, na wateja walimwita Mama Kijacho. Alikaa kwenye kigoda kando ya meza ya kukandia, akipaka trei mafuta na kutega vitendawili.

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Nimemfunika mtoto, nimemfunua mtu mzima.”

“Huo ni unga wenye hamira. Unanitegea kazi yangu mwenyewe?”

“Haya, kingine. Kila siku ananipiga mateke, na wala simshitaki.”

Siku nyingine Tanuri angecheka, angeweka mkono wenye unga juu ya tumbo hilo. Leo alisema tu, “Mtoto,” akageukia moto.

“Una nini wewe?” mkewe akauliza. “Siku hizi kukutoa neno ni kazi kama kung’oa jino.”

“Uchovu tu. Kunywa chai yako, inapoa.”

Mama Kijacho akanywa. Akakunja uso. “Mbona chungu?”

“Majani mapya hayo. Kunywa, yanatia nguvu.”

Akanywa mpaka tone la mwisho. Mumewe alitazama koo lake likipanda na kushuka, na moyo ukampiga kwa nguvu kuliko ngumi zake mwenyewe. Maana ndani ya chai ile kulikuwa na dawa, na mnywaji hakujua.

Mambo yalianza hivi. Tanuri alisafiri kwenda mji mwingine kutafuta mashine ya kukandia unga. Alilala huko, na hakulala peke yake. Alirudi nyumbani, akalala na mkewe kama kawaida. Haikupita muda, haja ndogo ikaanza kumchoma kama imetiwa pilipili. Usaha ukamtoka. Alijua kabisa kwamba huo ni ugonjwa wa zinaa. Lakini kwenda hospitali aliona haya. Alikwenda duka la dawa, akanong’ona, akapewa vidonge. Hakupimwa chochote. Alimeza vichache, maumivu yakapungua, akaacha.

Ndipo akamkumbuka mkewe. Ikiwa amemwambukiza? Amwambie nini? Aanzie wapi?

Tanuri akafikiri kama mwoka mikate. Unga ukibaki hautupwi. Unakandwa, unatengeneza donge jingine. Basi vidonge vilivyobaki alivifanya vivyo hivyo. Kila asubuhi alisaga kimoja kwa mti wa kusukumia unga, akakoroga kwenye kikombe cha mkewe, akaongeza sukari.

“Atapona bila kujua,” alijisemea. “Na nyumba yangu itabaki imesimama.”

Lakini maumivu yake yakarudi. Na safari hii yalikuja na ndugu zao wote.

Jirani yao alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali ya mtaa. Alikuwa rafiki wa Mama Kijacho, kwa hiyo yeye na Tanuri waliitana shemeji. Kila asubuhi alinunua mkate kabla ya kwenda kazini. Siku hiyo Tanuri alihakikisha mkewe yuko ndani, kisha akaanza kufunga mkate ambao ulikuwa umeshafungwa.

“Shemeji, nina rafiki yangu mmoja…”

“Anhaa. Rafiki.”

“Kweli! Haja ndogo inamsumbua. Alimeza dawa, ikapoa, sasa imerudi.”

“Na huyo rafiki yako naye anasimama hivyo, miguu huku na huku, kama amepanda punda?”

Tanuri akabana miguu haraka. Akauma meno kwa maumivu.

Jirani akaacha utani. Akashusha sauti. “Mwambie aje leo. Sisi tunapima vijidudu, hatupimi tabia za watu. Na siri ya mgonjwa hatuitoi, hata kwa mkewe. Yeye mwenyewe ndiye wa kuitoa.”

Tanuri alikwenda, kofia imeshuka mpaka nyusi. Daktari alimsikiliza bila kumkemea. Alichukua usaha kidogo kwa kijiti chenye pamba, akachukua na damu, akavipeleka maabara.

“Hiki kinaonekana ni kisonono,” daktari akasema. “Nakuchoma sindano leo. Lakini kwa kuwa vidonge vilishindwa, maabara itaotesha kijidudu chenyewe, tujue dawa gani kinaiogopa na dawa gani kinaidharau. Na mkeo aje, hata kama haumwi. Wanawake wengi wenye kisonono hawasikii kitu.”

“Nitamleta,” Tanuri akasema.

Hakumleta. Kesho yake alikoroga chai tena. Mkewe si anameza dawa? Alijipa moyo hivyo, akisaga kwa haraka mpaka unga wa kidonge ukamwagika mezani. Aliupangusa kwa kiganja. Nyuma yake mkewe alikuwa ameshika kiuno, anapumua kwa nguvu.

“Tumbo linakaza,” alisema. “Kijacho amechoka kukaa ndani.”

Siku chache baadaye Tanuri akaitwa hospitali. Aliondoka mapema, baada ya kutia kidonge kwenye kikombe na kukifunika kwa kisahani. Mkewe alikuwa bado anaoga.

Jirani alimpeleka kwenye dirisha la kioo. Upande wa pili kulikuwa na kisahani cha duara, kimefunikwa.

“Usiguse, tazama tu,” alisema. “Tulichukua usaha wako, tukaupaka juu ya chakula cha vijidudu. Tukauweka kwenye kabati lenye joto kama la mwili. Wewe unajua joto linavyofanya.”

“Unga unaumuka.”

“Na vijidudu vinazaana. Ukungu huo unaouona ni vijidudu hivyo, maelfu kwa maelfu. Sasa tazama vile vipande vidogo vya karatasi. Kila kimoja kina dawa yake. Hiki ni cha dawa uliyochomwa. Unaona nini?”

“Kimezungukwa na nafasi nyeupe. Kama uwanja uliofagiliwa.”

“Vijidudu vimekufa hapo. Sindano yako inafanya kazi. Na hiki je?”

Tanuri akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye karatasi yenyewe, umeikumbatia.

“Hakijafagia chochote,” alisema.

“Hiyo ndiyo dawa ya vidonge ulivyonunua. Kijidudu hiki ni sugu kwavyo. Ungemeza gunia zima, kingekaa hapo hapo. Na mtu akimeza dawa bila kupimwa, akaacha njiani, anasaidia vijidudu kuizoea.”

Jasho likamtoka Tanuri, na hapakuwa na moto karibu. “Shemeji. Mjamzito akimeza vidonge hivyo?”

Jirani akageuka taratibu. “Kwa nini unauliza?”

 Yakamtoka Tanuri yote kwa mkupuo: safari, vidonge, mti wa kusukumia, sukari.

Jirani alishika ukingo wa meza. “Nisikilize. Dawa nyingine si salama kwa mtoto aliye tumboni. Na kama mkeo ana kisonono, hakijatibiwa hata kidogo. Mtoto anapozaliwa hupita hapo hapo penye vijidudu. Vinaingia machoni. Asipotibiwa haraka, anaweza kuwa kipofu. Mkeo yuko karibu kujifungua, shemeji. Chai ya leo iko wapi?”

 Tanuri alikuwa ameshafika mlangoni.

Alikimbia. Aliwapita wateja waliokuwa wakimwita, akamkumba muuza maji, hakuomba radhi. Alipoingia, mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kikombe kimefika mdomoni.

“Usinywe!”

Akakipiga kikombe kwa mkono. Chai ikaruka ukutani. Mama Kijacho akainuka, mikono miwili tumboni.

“Umerukwa na akili?”

Tanuri alisimama akihema.

Mkewe akaangalia chini. Kwenye kipande cha kikombe kulikuwa na mashapo meupe. Akayagusa kwa kidole, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

“Mimi ndiye mtega vitendawili,” alisema polepole. “Leo umenitega wewe. Nimeshindwa. Na mji sikupi. Nipe jibu.”

Akampa. Alimweleza hapo hapo, amesimama kwenye vigae vya kikombe, bila kuficha neno. Mkewe hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Tanuri zaidi.

“Yaani,” alisema hatimaye, “umenitilia dawa kama kuku wa mayai?”

“Niliogopa utaniacha.”

“Uliogopa kwa ajili yako. Na huyu?” Akapiga tumbo lake kidogo. “Kwa ajili ya huyu ulimwachia nani aogope?”

Akachukua khanga, akatoka. Tanuri akamfuata. Njia nzima alitembea nyuma yake, na hospitali mkewe akakaa upande mwingine wa benchi, mkoba wake katikati kama ukuta.

Daktari alianza na mtoto. Aliweka kifaa cha kusikilizia tumboni. Akakisogeza. Akasikiliza tena. Tanuri aliona mkewe amefumba macho.

“Moyo wake unapiga vizuri,” daktari akasema. “Tutaendelea kumwangalia kwa karibu.”

Kisha akachukua vipimo. Kijiti chenye pamba kikaenda maabara, na damu pia. Jirani alitazama kwa darubini. Jibu likaja: kisonono kilikuwepo, ingawa Mama Kijacho hakuwahi kuhisi maumivu. Akachomwa sindano ile ile iliyofagia kisahani. Ni salama kwa mjamzito.

“Na damu zetu?” Mama Kijacho akauliza. “Kisonono si peke yake duniani.”

“Umesema kweli,” daktari akajibu. “Tumewapima wote wawili VVU, homa ya ini na kaswende. Leo havionekani. Lakini kirusi kilichoingia karibuni huweza kujificha. Mtapimwa tena. Mpaka hapo, msikutane bila kondomu. Na siku hizi za mwanzo za sindano, msikutane kabisa.”

“Hilo la pili usiwe na wasiwasi nalo,” Mama Kijacho akasema. Muuguzi aliyekuwa pembeni akageuka kuficha kicheko.

“Kikionekana kirusi,” Tanuri akauliza kwa sauti ndogo, “sindano hii itakiua?”

“Hapana. Dawa ya kisonono na ya kaswende huua bakteria. Kirusi ni kitu kingine, hakijali dawa hizo. VVU vina vidonge vyake vya kila siku. Haviondoi kirusi, lakini vinakifunga kamba, mtu anaishi, na mama anaweza kuzaa mtoto asiye nacho. Ndiyo maana tunapima kwanza. Bila kupima unapiga mawe gizani.”

Walipotoka, Mama Kijacho alisimama kwenye ngazi. “Yule mwanamke wa safari. Una namba yake?”

Tanuri akainamisha kichwa. “Ninayo.”

“Mpigie.”

“Mimi? Sasa?”

“Mbele yangu. Mwambie akapimwe, na kwamba vile vidonge havisaidii. Naye ni mwana wa watu. Pengine naye ana kijacho chake.”

Akapiga. Ilikuwa simu fupi kuliko zote maishani mwake, na ngumu kuliko zote.

Siku za kungoja zikapita. Tanuri alikanda unga kimya. Chai mkewe alijichemshia mwenyewe, na sufuria hakuiacha bila kuitazama. Kipimo cha kurudia kikaonyesha kisonono kimekwisha kwa wote wawili. Hata hivyo Tanuri hakulala vizuri. Aliwaza vile vidonge, na siku zote ambazo mtoto alikaa na vijidudu bila kinga.

Uchungu ulianza mchana, moto wa tanuri ukiwa juu. Tanuri aliacha mikate iungue. Hospitalini alikaa nje ya wodi, akisikiliza sauti ya mkewe, kisha sauti nyingine mpya, kali, ya hasira.

Muuguzi alimruhusu asimame mlangoni. Aliona mtoto wa kike akifutwa uso, akitiwa dawa machoni. Kope zilikuwa zimevimba, zimefumbwa kabisa.

“Mbona hafumbui?” Tanuri akauliza.

“Ndiyo kwanza amefika,” muuguzi akasema. “Ngoja.”

Akangoja, ameshika fremu ya mlango. Mtoto akapiga chafya. Kope moja ikainuka, kisha ya pili. Macho meusi, maangavu, yakazunguka taratibu, yakatulia upande wa mlango uliokuwa na mwanga.

Mama Kijacho, ambaye sasa alikuwa mama kamili, alimtazama mumewe. Kisha akasogea kidogo kitandani, akamwachia nafasi.

“Njoo,” alisema. “Anakutazama. Na huyu usithubutu kumficha kitu.”