Mkono wa Kulia wa Gatimu

Kila jioni Wachuka alipofika nyumbani kwao Kiganjo, alibadilisha sare, akanywa chai, kisha akaketi barazani na mdogo wake Gatimu, mwenye miaka sita. Gatimu alitakiwa kuokota maharagwe kwa mkono wa kulia na kuyatia kwenye sufuria. Mkono huo ulikuwa dhaifu tangu azaliwe, na zoezi lilikuwa refu.

Muhula huo wenzake Wachuka walikuwa wakimngoja waruke kamba. Siku moja alimwambia Gatimu, "Tumia wa kushoto, tumalize haraka." Ikawa mazoea. Mama aliporudi kutoka kazi yake ya kushona, aliuliza, "Mmefanya zoezi?"

"Tumefanya, Mama."

"Asante, mwanangu. Unanisaidia sana."

Maneno hayo yalimchoma Wachuka, lakini kesho yake alidanganya tena.

Shule zilipofungwa, wote watatu walienda hospitalini mjini Nyeri. Bi. Nduku, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimpa Gatimu kikombe. Vidole vya mkono wa kulia vilikataa kufunguka.

"Mara ya mwisho aliweza," Bi. Nduku alisema.

Mama aliinamisha kichwa. "Labda ni mimi. Nilipokuwa na mimba yake nilibeba mizigo mizito. Na sasa nashinda kwenye cherehani."

"Si wewe, Mama," Wachuka alisema akilia. "Nilimwacha atumie mkono wa kushoto ili nikacheze. Halafu nikakudanganya."

"Msimgombeze," Gatimu alisema taratibu. "Hata mimi nilitaka."

Wachuka aliona heri angechapwa kuliko kutetewa na Gatimu.

Bi. Nduku alivuta kiti karibu. "Mama Wachuka, si mizigo. Gatimu akiwa tumboni, sehemu ya tabaka la juu la ubongo wake haikujipanga vizuri. Hilo si kosa la mtu. Lakini sehemu nyingine za ubongo zinaweza kujifunza kusaidia kazi hiyo. Ndiyo maana anatembea na kuongea. Ila ubongo hujifunza kwa kurudia. Mkono usipotumika, ubongo huuchukulia kama haupo."

"Je, nimeuharibu mkono wake?" Wachuka aliuliza.

"Hapana. Bado ni mdogo. Mtaanza upya."

Walianza jioni hiyo hiyo. Siku nyingine Gatimu alikasirika akayamwaga maharagwe, na Wachuka akayaokota bila kumkemea. Rafiki yake Adhis alipokuja na kamba, Wachuka alimweleza ukweli, naye Adhis akaketi nao.

Muhula uliofuata ukielekea mwisho, Gatimu alishika chupa ya maji kwa mkono wa kulia, akaifungua kwa wa kushoto, akanywa. Wachuka aligeuka ili Gatimu na Mama wasione machozi yake.

Mama alimwita kando. "Wachuka, kutaka kucheza si dhambi. Ungeniambia umechoka, ningekupokea kazi. Ulipodanganya, Gatimu alikosa msaada na sisi hatukujua. Siku nyingine ukilemewa, niambie mapema."

"Nitakuambia, Mama," Wachuka alijibu, na safari hii hakuwa na la kuficha.