Mtu wa Nne Mezani

Mchoraji alichora watu watatu. Filumena anaweza kuapa, maana ndiye aliyewapikia: mumewe Righetto mwenye kilabu, Cencio wa mkokoteni na Toto kinyozi, wote mbele ya sahani ya matumbo. Mchoraji, mgeni wa Kaskazini, akaitundika picha ukutani mwa kilabu ikauke, akaenda zake. Jumapili, baada ya misa, pichani walikuwa wanne.

Wa nne alivaa kofia ya kahawia. Mbele yake hapakuwa na kikombe.

"Huyu katoka wapi?" Filumena akauliza.

"Rangi mbichi ina mambo yake," akajibu Righetto, ambaye rangi aliijua kama mimi ninavyojua Kilatini.

Wenye akili wangeitoa picha. Wanaume wa Trastevere, mtaa huu wa Roma, wakacheza mchezo wao wa mvinyo. Karata humchagua bwana, na bwana ndiye anayeamua nani anywe. Anayenyimwa huitwa Mti: hukaa mkavu, anachekwa mpaka duru iishe. Watu wamechomana visu kwa mchezo huo, na Jumapili ya pili wakaucheza tena. Siku hiyo bwana alikuwa Righetto.

"Cencio, kunywa. Toto, kunywa, ingawa hustahili." Akainua kikombe chake mbele ya picha. "Na wewe wa kofia, una kiu?"

"Mpe bwana, koo limemgandia rangi!" Toto akacheka.

"Simpi ng'o! Huyu ndiye Mti wetu leo!"

Wakacheka wakipiga meza. Righetto akapeleka kikombe mdomoni, kikafika kitupu. Akajaza tena. Kitupu. Na nyuma ya picha, ukutani, kitu kikagugumia polepole, kama mtu asiye na haraka.

Toto na Cencio hawakuaga.

Kufikia Jumanne hata maji yalimkimbia Righetto, na mchuzi, na zabibu alizotia mdomoni zikageuka maganda. Wakaitupa picha katika mto Tiber, lakini asubuhi ilikuwa ukutani ikichuruzika tope, na chumba kizima kikanuka kama pango la mvinyo lililofungwa mtu akiwa ndani, na kila Righetto alipojaribu kumeza mate, ule mgugumio ukajibu ukutani, ukiwa karibu zaidi, mpaka Filumena akaacha kuyatazama yale macho chini ya kofia akamkimbilia Bibi Menica, mganga anayewaondolea watu kijicho, lile jicho baya la husuda, kwa maji na mafuta.

Bibi Menica akaweka bakuli la maji chini ya picha. Maji yakaisha kabla hajatia mafuta.

"Mwanangu," akanong'ona, "mimi naondoa kijicho. Huyu hana kijicho. Mlimkaribisha mchezoni wenyewe."

"Mume wangu anakufa, bibi."

"Basi mpe ubwana, achague yeye. Ila mchezo wenu hauna duru isiyo na Mti. Lazima mmoja akauke."

"Atamchagua nani?"

"Hayo ni ya bwana." Akachukua bakuli lake, akatoka bila hata kudai yai la ujira wake.

Ilikuwa adhuhuri, kengele zikilia. Righetto alilala juu ya benchi, ulimi mweusi. Filumena akasimama mbele ya picha.

"Bwana wangu, mchezo ni wako. Chagua wewe. Mume wangu anywe."

Pichani, mikono miwili ikatoka chini ya meza. Sasa mbele ya yule wa kofia palikuwa na kikombe, kimejaa.

Righetto akainuka, akalinyakua jagi la mvinyo. Akanywa, mvinyo ukamtiririka kidevuni, akakohoa, akanywa tena. Filumena akacheka na kulia kwa pamoja, akajimiminia naye.

Kikombe kikafika kitupu.

Akajaribu maji. Akajaribu tena. Ukuta ukameza.

"Righetto," akasema taratibu. "Mwombe. Mimi nilikuombea. Mwambie tugawane, leo wewe, kesho mimi."

Righetto akashusha jagi. Akaitazama picha, akamtazama mkewe, akapitisha ulimi kwenye midomo iliyopasuka.

"Kesho, mke wangu," akasema. "Kesho nitamwomba."

Akainua jagi tena.