Kijiko cha Mama Caritas

Mwanamke mwenye mimba akitamani kitu, mume ndiye anayekosa usingizi. Shakuru, fundi wa magari, aliujua ukweli huo vizuri. Mimba hii ya mkewe Assia ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, na kila moja iliondoka na kipande cha kicheko chake. Hii ilikuwa imefika mwezi wa saba, lakini Assia hakuwa akila. Uji alitapika, wali alitapika, hata chai ya rangi ilimshinda. Kila siku alirudia neno moja tu: anataka mukeke wa kuchoma, samaki wa ziwani, tena si mukeke wowote, bali ule wa Mama Caritas.

Shida ni kwamba wao walikuwa Uvira, na mkahawa wa Mama Caritas ulikuwa Bujumbura, mtaa wa Cibitoke. Walihama mwaka wa 1994, vita vilipopamba moto mjini, wakaondoka na godoro na masufuria. Sasa, mwanzoni mwa 1996, Shakuru alikuwa amevuka mpaka kufuata vipuri, akafikia Buyenzi kwa binamu yake Massoudi. Alipomaliza kazi, jua lilikuwa limeinamia milima ya Kongo. Akavaa viatu.

"Unaenda wapi saa hii?" Massoudi aliuliza. "Couvre-feu iko karibu, askari hawaache mutu njiani."

"Naenda kutafutia Assia samaki. Narudi sasa hivi."

Massoudi alidhani anakwenda sokoni. Laiti angeuliza samaki gani!

Njiani Shakuru alikuwa akitabasamu peke yake. Alimposa Assia kwa Mama Caritas, kwenye meza ya pembeni, mbele ya sahani moja. Mama Caritas alikuwa Mkristo na wao Waislamu, lakini samaki hahitaji kuchinjwa, kwa hiyo hakuna aliyepata dhambi. Na mama yule alikuwa na desturi yake. Katika mji ule watu huogopa sumu kuliko risasi. Chupa hufunguliwa mbele ya macho yako, na anayekupa chakula hukionja kwanza. Wengine hugusisha mdomo tu, basi. Mama Caritas alichota kijiko kizima, akatafuna, akameza, halafu akafunua kinywa wazi kama mtoto aliyemeza dawa, mpaka wateja wacheke.

"Mwenye kuonja ndiye mwenye kubeba," alizoea kusema. "Mutu akikufa, ni juu yangu."

Cibitoke ilikuwa imebadilika. Nyumba nyingi hazikuwa na mabati, na majani yalikuwa yameota mpaka milangoni. Vyura wa mashamba ya mpunga ya Buterere walikuwa wakipiga kelele, na ndiyo sauti pekee iliyosikika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo alimtazama Shakuru, akatazama upande anaoelekea, akaacha nguo kwenye kamba na kujifungia ndani.

Hapo angerudi. Mimi ningerudi. Lakini yeye alikuwa akiuona mkono wa Assia, jinsi ulivyokonda mpaka bangili zikawa zinateleza. Akaendelea.

Mlango wa buluu ulikuwa wazi.

Ndani koroboi iliwaka, na Mama Caritas alikuwa amesimama nyuma ya jiko la makaa.

"Shakuru! Bwana ya Assia!" alisema kwa sauti ya chini. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaa, baba."

Shakuru alifurahi hata machozi yakamlengalenga. Alitaja haja yake kabla hajaketi: samaki mmoja wa kula, na mwingine wa kubeba, wa mgonjwa wake. Mama akaitikia kwa kichwa kama aliyekwisha kujua.

Baada ya kuketi ndipo alipoanza kuona.

Samaki walikuwa juu ya makaa, mafuta yanadondoka… chii… chii… lakini hapakuwa na harufu. Hata kidogo. Harufu iliyokuwamo ilikuwa nyingine, ya udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa leo.

Meza zote zilijaa watu. Wanaume, wanawake, bibi mmoja mwenye rozari shingoni. Mbele ya kila mmoja palikuwa na sahani iliyojaa. Hakuna aliyekula. Vijiko mikononi, vichwa vimeinuka.

Walikuwa wakimtazama yeye.

Mama Caritas alileta samaki, akaweka na kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba. "Hii ya Assia," alisema. Akasimama, kijiko mkononi.

Shakuru alingoja.

Mama hakuonja.

Kumkumbusha mwenyeji aonje si tusi katika mji ule. Lakini kumkumbusha Mama Caritas kulimwia vigumu, kama kumwapisha mama yake mzazi. Alikohoa. "Mama… leo hauonje?"

Mama aliinama. Pumzi yake ilikuwa baridi kwenye sikio. "Kinywa changu kimechoka, baba," alinong'ona. "Nionjee weye."

Mtu wa mji mwingine angesukuma sahani, akasimama, akaenda zake. Shakuru aliona haya. Aliona haya mbele ya macho yote yale, na mbele ya mama aliyewalisha siku hawakuwa na kitu. Akapokea kijiko. Kwa haraka ya aibu, hata Bismillah ilimponyoka.

Akaonja.

Utamu ulikuwa ule ule, ndimu, kitunguu, pilipili inayouma pembeni ya ulimi. Alimeza. Kisha, kwa mzaha, ili kuondoa uzito uliokuwa pale, akafunua kinywa wazi kama alivyozoea kufanya mama mwenyewe.

Vijiko vyote vikagonga sahani kwa pamoja.

Walikula vichwa chini, mbio mbio, kama watu walioshinda na njaa kwa siku nyingi. Hawakutafuna. Kilisikika chuma tu kikikwaruza sahani… kikikwaruza… na Mama Caritas akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea.

"Asante, baba," alisema. "Umenitua." Akamtia kifurushi mikononi. "Na Assia lazima akule."

Shakuru hakumbuki alivyotoka. Anachokumbuka ni kwamba kwenye kona aligeuka. Hapakuwa na koroboi. Hapakuwa na mabati wala mlango wa buluu, kuta nne tu nyeusi kwa moshi, na majani yanayofika kiunoni.

Kifurushi mkononi kilikuwa cha moto.

Massoudi alikuwa akimngoja mlangoni, tasbihi mkononi, uso umemkauka kwa hofu ya askari. Aliposikia jina la Caritas, tasbihi ikasimama.

"Shakuru, yule mama alikufa mwaka uliopita. Hamukusikia kule Uvira?"

Alisimulia kwa sauti ya chini, mke wake asisikie. Juma lile watu walipofukuzwa Cibitoke nyumba kwa nyumba, majirani walikimbilia kwa Caritas, akawafungia ndani. Chakula kikaisha. Vijana fulani wakaleta sufuria ya maharage, wakasema ni msaada. Watu waliogopa. Caritas akaonja mbele yao, kijiko kizima, kama kawaida yake. Wakangoja. Hakupatwa na kitu. Basi wakala wote.

"Sumu ilikuwa ya polepole," Massoudi alisema. "Caritas alikufa wa mwisho. Alikuwa analia tu: ni mi nimewaambia wakule, ni mi nimewaambia." Akavuta punje moja ya tasbihi. "Watu wa kule wanasema anatafuta mutu wa kumuonjea. Lakini weye hukuonja?"

"Apana," Shakuru alisema.

Ndiyo mara ya kwanza kumdanganya binamu yake. Aliogopa kwamba akilisema lile neno, litakuwa kweli zaidi.

Usiku kucha alijisikiliza tumbo. Halikuuma. Hilo ndilo lililomtisha.

Asubuhi, alipofika daraja la Ruzizi, kifurushi kilikuwa bado cha moto, kana kwamba kimetoka jikoni dakika ile. Akakitupa mtoni. Maji ya kahawia yakakimeza. Akasoma Ayatul Kursi mara nyingi, na kwa mara ya kwanza tangu jana kifua kikamfunguka. Assia hatakula mukeke huu, alijiambia. Nitampikia mwenyewe, kwa mikono yangu, hata akitapika mara mia.

Alipokaribia nyumbani alisikia kicheko. Kicheko cha Assia, kile cha zamani.

Assia alikuwa kibarazani, anafuta vidole. Kwenye sahani palibaki miiba, na jani la mgomba.

"Bwana yangu, Mungu akulipe!" alisema. "Mama Caritas uliyemtuma alifika mwenyewe jana, Maghribi inaadhiniwa. Nimekula mpaka leo asubuhi nimemalizia. Na sijatapika!"

Shakuru hakuweza kuketi.

"Assia," alisema. "Alionja?"

"Nilimwambia. Unanijua, mi sikulake kitu cha mutu kama hajaonja." Assia alicheka tena. "Akasema haina haja. Akasema bwana yako ameshaonja."

Kuku alipita kati yao, akadonoa mwiba, akauacha.

"Na mutoto!" Assia aliendelea. "Jana usiku amecheza, amecheza, nikasema huyu atatoka leo. Tangu alfajiri ndio ametulia. Lete mukono, usikie."

Aliuchukua mkono wa mumewe, akauweka juu ya tumbo, akamtazama usoni huku akitabasamu.

Shakuru akangoja.