Kompyuta ya Sebuleni Iliyokumbuka Kila Kitu

Nyumbani kwa akina Najma, katika mtaa wa Bel-Air, mlango wa sebule haukufungwa mpaka watu wakalale. Mama yake aliuza vikwembe, yaani vitenge, hapo hapo sebuleni, kwa hiyo tangu asubuhi makochi yalijaa akina mama wakipapasa nguo, wakinywa chai na kupashana habari za ndoa na za misiba. Aliyefika wakati wa bukari, yaani ugali, alinawa mikono akala. Katika kona moja, chini ya kitambaa cha kufuma, ilikaa kompyuta ambayo binamu yao mkubwa, Yassine, waliyemwita Yaya, yaani kaka mkubwa, aliileta mwanzoni mwa mwaka wa shule. Wanafunzi wa mtaa walikuja kuandika kazi zao pale, na akina mama walikuja kutazama mishono mipya.

Yassine alitaka kuweka neno la siri. Mama Najma alikataa katakata.

"Niweke kufuli ndani ya sebule yangu?" alisema. "Jirani akuje, aambiwe angoje nimufungulie? Bantu batasema Mama Najma amejivuna. Acha wazi."

Basi ikaachwa wazi.

Jumatatu moja, wakati wa mapumziko, Najma alitoka darasani akamkuta rafiki yake Bénie ameketi peke yake kwenye ngazi. Wasichana wengine wote walikuwa wamehamia upande wa pili wa uwanja. Katikati yao alikaa Gracia, jirani yao, akigawa karanga.

"Najma, usikae karibu naye," Gracia alipaza sauti. "Iko na kifafa. Akuangukie kama vile alianguka kule Sakania, pembeni ya reli, utafanya je?"

Wasichana wakacheka. Mmoja aligeuza macho na kutetemesha mikono, nao wakazidi kucheka. Bénie hakulia. Alimtazama Najma tu, na yale macho yalimuuma Najma kuliko kicheko.

"Ya Sakania ni weye tu unajua," Bénie alisema polepole.

Ilikuwa kweli. Wiki iliyopita Mama Bénie alikuja kwao kumwandikia daktari maelezo ya ugonjwa wa binti yake, maana simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka. Najma alimsaidia kunyoosha Kifaransa. Kwanza waliandika jinsi Bénie alivyoanguka karibu na reli, kwa bibi yake huko Sakania, na jinsi watu walivyomkimbia badala ya kumsaidia. Halafu mama wa watu akaona aibu. "Futa hiyo," alisema, na Najma akafuta. Walipokwisha kutuma ujumbe, wakaufuta wote, hata pipa la takataka la kompyuta wakalimwaga. Najma hakumwambia mtu, hata mama yake mzazi.

Alasiri ile ile Mama Bénie aliingia sebuleni bila kubisha hodi. Makochi yalikuwa yamejaa.

"Mama Najma, mutoto yako iko na mdomo kama redio," alisema. "Nilimufungulia roho yangu, naye ameenda kuigawa shuleni pamoja na karanga."

Vikombe vilitulia. Hakuna aliyejifanya kuwa hasikii.

"Mi sikusema kitu, mama," Najma alijibu.

"Basi nani? Daktari? Hata daktari hajui ya Sakania, tuliifuta. Tulikuwa bawili mbele ya ile mashine, mimi na weye." Mama Bénie aligeuka kuwaangalia wote waliokaa. "Musikie vizuri. Jumamosi Bénie anapanda gari, anaenda kukaa kwa bibi yake. Masomo yake imeishia hapa. Mutakuwa na cha kuongea mpaka Noeli."

Akaondoka. Baba Hassani, baba mzazi wa Najma, ambaye alikuwa mlangoni akiyasikia yote, alimwita binti yake.

"Kesho utaenda kwao kuomba samahani."

"Baba, nikiomba samahani nitakuwa nimesema uongo."

"Basi hutatoka hapa ndani, ni shule na nyumbani tu, mpaka ukweli ukutoke."

Mwanamke mmoja alikunja kikwembe alichokuwa akikitazama, akakirudisha mezani. "Twende," alimwambia mwenzake, "kabla hata ya kwetu hayajasikika sokoni." Kesho yake makochi yalibaki matupu, na kesho kutwa vilevile. Mama Najma alipika chai kwa mazoea, ikapoa.

Alhamisi Najma alikaa kwenye kompyuta amalizie kazi ya Mwalimu Mutale: ramani ya njia ya reli, ambayo yeye, Bénie na Gracia walikuwa wamepewa kuifanya pamoja. Hakuiona. Juu ya kioo aliona kisanduku kidogo kilichoandikwa kwamba mtu anaweza kutafuta chochote alichowahi kufanya. Akaandika jina la Bénie, kwa kuwa lilikuwa kwenye ramani ile.

Zikaja picha. Hazikuwa picha za watu, zilikuwa picha za kioo chenyewe, jinsi kilivyokuwa siku ile na saa ile, moja baada ya nyingine. Kulikuwa na ramani ya reli. Kulikuwa na ujumbe wa daktari. Na pale, herufi kwa herufi, palikuwa na sentensi ya Sakania, kabla hajaifuta.

Kumbe tangu ilipoingia nyumbani mashine hii ilikuwa ikipiga picha kimyakimya kila baada ya muda mfupi, na kuziweka. Wao walifuta maneno. Picha hawakuzifuta, kwa kuwa hawakujua kama zipo.

Akasogeza. Picha moja ilionyesha kazi ya shule yenye jina la Gracia, na kisanduku kile kile kimeandikwa "Bénie". Mchunguliaji naye alikuwa amepigwa picha. Iliyofuata ilikuwa ujumbe wa Gracia kwa baba yake, anayefanya kazi mgodini Ruashi na aliyeacha kurudi nyumbani. *Papa, rudi tu. Nitaacha kuomba viatu.* Najma alisoma mpaka hapo, akasikia kama amesukuma mlango wa bafu na mtu yuko ndani. Akafunga haraka.

Lakini maneno yalikwisha kumkaa kichwani. Alijiona tayari uwanjani, mbele ya wasichana wote, akimuuliza Gracia kama baba amerudi. Ilikuwa tamu kuiwaza. Alikaa nayo kitambo. Kisha akamwita mama yake.

Mama Najma alitazama, akakaa chini. Baada ya muda akatuma mtu awaite Yassine, Mama Bénie na mama yake Gracia, waje na binti zao. Wengine hawakuitwa, lakini habari ilipita nyumba kwa nyumba, na saa za jioni sebule ilijaa kuliko siku ya sikukuu.

"Yaya, hii mashine nani aliituma kutupeleleza?" Mama Najma alimuuliza Yassine.

Yassine alikuna shingo. "Ilikuja nayo kutoka kiwandani. Siku ya kuiwasha iliuliza maswali mengi, na alama ya kukubali ilikuwa imewekwa tayari. Mimi nilibonyeza 'Nakubali' kila mahali. Mpira ulikuwa umeanza."

"Kwa hiyo kuna mgeni amekaa sebuleni mwangu tangu mwanzo wa shule, anatuangalia midomo, na hakuna aliyeniambia jina lake."

"Mi sikuangalia kitu," Gracia alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Fungua tuone basi," mwanamke mmoja alidakia, na wengine wakamuunga mkono. "Fungua yote. Tuone nani alitafuta nini." Wakasimama, wakasogea, shingo zimenyooshwa. Wale wale waliokimbia Jumatatu kwa kuogopa siri zao ndio sasa waliosukumana kuzifikia za wenzao.

Najma alijipenyeza mbele yao, akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi.

"Hapana," alisema. "Ndani mule kuna mambo ya kila mtu. Hata ya Gracia niliyaona. Sitayasema."

Wakaanza kunung'unika kwamba anaficha. Najma alimtazama Gracia, na Gracia akaelewa ni yapi aliyoyaona.

"Ni mimi," Gracia alisema. "Nilikuwa natafuta ile kazi ya reli, nikaandika jina lake. Ilikuja yenyewe."

"Kuja, sawa, ilikuja yenyewe," Mama Bénie alisema. "Na kwenda shuleni, ilienda yenyewe?"

Mama yake Gracia alifunika uso kwa ncha ya kikwembe.

Usiku ule Yassine alizima ule upigaji picha wa kioo, akafuta kumbukumbu zote, akampa kila mmoja wa nyumba ile neno lake la siri. Baba Hassani alimshika binti yake begani. "Ulikuwa na haki ya kukataa," alisema, "na mimi nilikuhukumu haraka." Mama Bénie naye alimwomba Najma samahani, mbele ya watu wale wale ambao alimgombeza mbele yao.

Ijumaa Gracia alisimama darasani akasema alichofanya. Mwalimu Mutale akaeleza kwamba kifafa hakiambukizi kwa kuguswa wala kwa mate, na kwamba kina dawa. Mtu akianguka, alisema, ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na usimkimbie. Aliyekuwa ametetemesha mikono uwanjani aliinamisha kichwa. Bénie hakumpa Gracia mkono siku ile. Hakuna aliyemlazimisha.

Jumamosi Bénie hakupanda gari. Alikuja kwa akina Najma, na makochi yalikuwa yamejaa tena.

"Nataka kumwandikia daktari," alisema kwa sauti ndogo. "Amejibu."

Mama Najma aliondoa kitambaa juu ya kompyuta, kisha akawageukia wageni wake.

"Mimi nilidhani kuacha kila kitu wazi ndiyo ukarimu," alisema. "Nilikosa. Kitu kikija nyumbani, tuulize kwanza kinafanya nini ndani ya nyumba, ndipo tukubali. Na jambo la mtu, hata ukilikuta limelala njiani, bado ni la mwenyewe. Sasa geuzeni viti. Mutoto iko anaandika."

Akina mama walinyanyuka, makochi yakakwaruza sakafu. Wote wakampa Bénie mgongo, wakaendelea kupiga habari, kwa sauti ya juu kidogo, ili asisikike hata akibonyeza.